Mtoto Aliyezinduliwa

Iko nchi moja, na msiniulize iko upande gani wa dunia, maana nikiitaja tu nitaambiwa sina adabu. Itoshe kusema ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, na ina mkasi wa dhahabu unaosafiri kwa gari lake wenyewe lenye king'ora, kwa sababu katika nchi hiyo kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe. Kisima kinaweza kutoa maji mwaka mzima, lakini kama mgeni rasmi hajaja kukata utepe, yale si maji, ni unyevunyevu. Choo cha soko kuu kilikamilika kikakaa na kufuli kikimsubiri waziri aliyekuwa ziarani, na wenye vibanda wakawa wanakwenda vichakani huku wanakitazama kwa heshima.

Basi siku moja Serikali ikatangaza kwamba nchi haina tena mtoto asiye na nyumba. Lilikuwa tangazo zuri mno. Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawaka, na kesho yake vituo vyote vya kulelea watoto vikafungwa, kwa kuwa ingekuwa aibu kuwa na kituo cha watu wasiokuwepo. Watoto waliokuwamo wakagawiwa mbio mbio kwa familia zilizojitolea kuasili, na kila mtoto akazinduliwa. Utepe ulifungwa mlangoni, mgeni rasmi akaukata, mtoto akapita kuingia ndani, na ukutani likabandikwa jiwe la marumaru lenye jina la mgeni rasmi. Jina la mtoto halikuandikwa. Jiwe lilikuwa dogo, na vyeo vya mgeni rasmi vilikuwa vingi.

Aliyekuwa akiwapeleka watoto wa kata ya Mtulivu kwenye nyumba zao mpya ni mwanamke aliyeitwa Sikudhani, afisa ustawi wa jamii. Zamani kazi yake ilikuwa na sehemu mbili: kumpeleka mtoto, kisha kurudi mara kwa mara kumtazama anaendeleaje na kukaa na wazazi wapya kuwasikiliza. Baada ya tangazo, sehemu ya pili ilifutwa. Ilielezwa kwamba kwenda kumtazama mtoto aliyekwisha kuzinduliwa ni kumtilia shaka aliyemzindua.

Sikudhani alikuwa mtu wa makamo, mjane, hakujaliwa mtoto. Alikaa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni kilichokufa, akipika wali wa mtu mmoja kwenye sufuria ya watu wanne, kwa sababu ndiyo sufuria aliyobaki nayo. Alipotoka kwenda kazini aliiacha redio ikisema, ili akirudi asikie mtu ndani. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

*

Jumatatu moja asubuhi, gari jeusi lilisimama mbele ya ofisi yake. Akashuka Bwana Ngwali, Mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Viti, akashuka mkewe Bi Mwatima, na nyuma yao akashuka msichana wa miaka saba amekumbatia mfuko wa nguo. Alikuwa Mashavu. Sikudhani mwenyewe ndiye aliyemfikisha kwao, siku ile ya utepe, bendi ikipiga.

"Shikamoo, mama," mtoto akasema chini chini.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kuna nini?"

Bwana Ngwali akatazama viti vya ofisi kwa jicho la kitaalamu, akachagua kilicho imara. "Bi Afisa, tumekuja kumrudisha. Yaani, si kumrudisha. Tumekuja naye, halafu tutaondoka bila yeye."

"Amefanya nini?"

"Anaficha chapati chini ya mto. Nyumba nzima sisimizi! Wageni wakija anajificha nyuma ya pazia. Mimi ananiita 'mwenye nyumba'. Siku ya uzinduzi alitabasamu, nchi nzima iliona. Tangu hapo, basi. Sisi tulipewa mtoto anayetabasamu."

"Bwana Ngwali, siku ile mpiga picha alimpa pipi."

"Hilo hatukuambiwa," akasema Bwana Ngwali kwa uchungu wa mnunuzi.

Sikudhani akauliza kuhusu lile jiwe la ukutani. Bwana Ngwali akajibu kwamba jiwe libaki, jiwe halina tatizo lolote. Na kweli halikuwa na tatizo. Mwenye jiwe hapangi foleni katika nchi hiyo, na hata huo uenyekiti wa Bodi ya Viti alikuwa ameupata wiki iliyofuata baada ya jiwe.

Muda wote huo Bi Mwatima alikuwa akishughulika na mtoto. Alipiga magoti mbele ya mtoto akawa anamfunga vifungo vya sweta, akavikosea, akavifungua, akavikosea tena. Machozi yalikuwa yanamdondokea mikononi.

"Nilijaribu, dada," akamwambia Sikudhani. "Usiku anaamka analia, nikimshika anakakamaa kama gogo. Sikujua la kufanya. Sikuwa na wa kumuuliza."

"Ungeniita. Mapema, kabla hamjachoka."

"Tulikatazwa. Tuliambiwa ukisema mambo ni magumu unamwaibisha mgeni rasmi."

Mumewe, aliyekwisha kurudi garini, akapiga honi nje. Bi Mwatima akainuka, akauacha mkono wake kichwani pa mtoto kwa muda kidogo, kisha akaenda. Mashavu hakugeuka kutazama gari. Alikaa kwenye kiti, mfuko mapajani, viatu miguuni, mgongo umenyooka.

"Vua viatu upumzike, mwanangu."

"Nikivua nitachelewa."

"Utachelewa wapi?"

"Mkisema twende."

Sikudhani akageukia dirishani, akajifanya anatafuta kitu nje. Nje hakukuwa na kitu. Roho ilimuuma, na ilimuuma zaidi kwa kuwa alijua ni yeye aliyesema "twende" mara ya kwanza.

*

Mkuu wa Idara ya Watoto Waliokwisha Kupata Nyumba aliitwa Dokta Mvumo. Sikudhani alimwendea siku ile ile, amemshika Mashavu mkono.

"Mheshimiwa, nina mtoto hana pa kulala."

"Mtoto yupi?"

"Huyu hapa."

Dokta Mvumo akamtazama Mashavu, kisha akatazama ukuta nyuma yake. "Huyo yuko kwa Bwana Ngwali. Nilikuwepo. Nilikula pilau."

"Wamemleta leo. Uasili umevunjika."

Dokta Mvumo aliinuka, akafunga dirisha, akafunga na la pili, akashusha mapazia. "Bi Sikudhani, nakuheshimu kama dada yangu. Neno hilo halimo. Uasili katika nchi hii hauvunjiki. Uasili unaweza kupumzika. Unaweza kujitathmini. Unaweza hata kurudi nyuma kwa ajili ya kuruka mbele zaidi. Lakini kuvunjika, hapana. Vituo vimefungwa. Ukivunjika mmoja, mtoto nitampeleka wapi?"

"Ndilo swali langu, mheshimiwa. Leo alale wapi?"

"Kwa Bwana Ngwali."

"Wamemkataa."

"Basi alale kwa Bwana Ngwali kitaifa. Na wewe usije ukamweka kwako! Afisa kukaa na mtoto wa taifa ni kujimilikishia rasilimali."

Hivyo ndivyo Mashavu alivyoanza kulala kitaifa kwa Bwana Ngwali, na kimwili kwenye kitanda cha Sikudhani, naye Sikudhani akilala mkekani. Jioni ya kwanza mtoto alisimama mlangoni akisikiliza.

"Nani anaongea ndani?"

"Redio tu."

"Inaongea na nani?"

Sikudhani akasema inaongea na kabati, na akaenda jikoni upesi. Alipima mchele, akasimama, akaongeza kikombe kimoja, kisha akakaanga na chapati. Mashavu alikula akiwa na viatu. Alipodhani haonekani akapitisha chapati moja chini ya mto. Asubuhi Sikudhani aliikuta. Alimpa kopo la biskuti lenye mfuniko, akaliweka kichwani pa kitanda. "Weka chapati zako humu. Hazitakauka, na sisimizi hawataingia. Zikiisha niambie nipike nyingine."

Mtoto akalifungua kopo, akalifunga, akalifungua tena. "Ni la nani?"

"Lako."

"Hata mkisema twende?"

"Hata tukisema twende."

*

Mambo yalipozidi kunong'onwa, Wizara iliunda Kamati ya Kushughulikia Jambo Lisilokuwepo. Ilikutana kwenye ukumbi mpya wa semina, ambao ulikuwa kituo cha zamani cha watoto. Vitanda vilikuwa vimeondolewa, lakini ukutani bado kulikuwa na picha za bata na vifaranga, na wajumbe wenye suti walikaa chini yake wakinywa maji ya chupa. Sikudhani aliitwa kutoa maelezo. Hakuwa na pa kumwacha Mashavu, akaja naye.

Kamati ilijadili nani wa kufarijiwa. Iliazimiwa Mheshimiwa Waziri, aliyekata ule utepe, aandikiwe shairi. Iliazimiwa Bwana Ngwali apewe likizo ya maumivu. Bendi iliyopiga siku ya uzinduzi ipewe ushauri nasaha. Mjumbe mmoja akakumbusha kwamba mkasi wa dhahabu nao ulihusika, ikaazimiwa ung'arishwe.

"Na mtoto?" akauliza Sikudhani.

Wote wakatazama makabrasha yao. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba Mashavu ameondoka upande wake na kwenda kusimama karibu na kiti cha mwenyekiti, pembeni kabisa, penye picha ya bata aliyechubuka.

"Hapa ndipo kitanda changu kilipokuwa," akamwambia mwenyekiti kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni.

Mwenyekiti akasogeza kiti chake kidogo. Ilikuwa hatua kubwa zaidi ambayo kamati ilichukua siku ile kwa faida ya mtoto, na haikuingizwa kwenye kumbukumbu.

Kisha Dokta Mvumo akatoa ufumbuzi. Kitu kilichozinduliwa, alieleza, hakiwezi kuondolewa ila kwa kuzinduliwa kinyumenyume. Utepe uliokatwa utafungwa tena na mgeni rasmi yule yule, mtoto akitoka. Kilichobaki ni kosa. Kosa lazima liwe na mwenyewe, na Waziri hawezi, familia yenye jiwe haiwezi, Wizara haiwezi hata kidogo. Kwa hiyo mtoto atasoma tamko fupi mbele ya wananchi: "Mimi, Mashavu, nimeshindwa kukidhi matarajio ya familia na ya taifa. Naomba radhi." Akishasoma tu, atakuwa huru kutafutiwa familia nyingine.

"Na asiposoma?" Sikudhani akauliza.

"Atabaki kwa Bwana Ngwali kitaifa mpaka awe mtu mzima. Hakuna familia itakayoweza kumchukua mtoto ambaye tayari ana familia. Chagua wewe, Bi Afisa. Ndiyo kazi yako, kulinda watoto."

*

Siku zilizofuata Sikudhani hakulala vizuri. Akikataa, anamfungia mtoto katika nyumba ambayo hayumo. Akikubali, anamfundisha mtoto kujilaumu kwa vipaza sauti. Alitafuta mtu wa kumshauri, akagundua kwamba kwa miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akishauri watu, na walipopata nafuu waliondoka.

Mashavu hakungoja kufundishwa. Alipopewa karatasi aliisoma mara chache akaihifadhi kichwani, na jioni moja, wakiosha vyombo, akaisema yote bila kukosea.

"Mama, 'kukidhi' ni nini?"

"Ni... kutosha."

Mtoto akasuuza sahani, akaiweka juu ya nyingine. "Kumbe sikutosha," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata jibu alilokuwa akilitafuta muda mrefu. Halafu akauliza, "Lakini nilifanya nini?"

Sikudhani alifungua mdomo. Alikuwa amehudhuria semina nyingi mno katika maisha yake, na kilichotoka ndicho kilichokuwa kimejazwa. "Tutalifanyia kazi," akasema.

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Aliondoka akaenda kukaa kitandani na viatu vyake, mkono juu ya kopo. Sikudhani akabaki na maji ya vyombo yanapoa, akijichukia.

*

Siku ya kufunga utepe maturubai yalijaa uwanja mzima wa Bwana Ngwali. Nusu mbili za utepe ule ule zililetwa kutoka makumbusho ya taifa, juu ya mto wa hariri. Kulikuwa na tatizo dogo: ili mtoto atoke ndani kwa heshima, ilibidi kwanza awe ndani. Dokta Mvumo akampitisha Mashavu kwa mlango wa jikoni, akamsimamisha sebuleni, akamwambia asubiri ishara.

Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Furaha ya Familia, Mheshimiwa Asumini Tambo. Alihutubia mpaka kivuli kikahama.

"Ndugu wananchi! Wapo wanaosema leo tunafunga. Hapana! Leo tunazindua kufunga! Mataifa makubwa yanajua kufungua tu. Sisi tumevuka hapo!" Makofi. "Mtoto huyu hakuachwa. Ameachiliwa! Hakurudishwa. Amesongeshwa mbele, kuelekea alikotoka!" Makofi, na ngoma ya bendi ikadunda.

Kisha akaushika utepe, akaufunga fundo zuri katikati ya mlango, wapiga picha wakapiga picha, na bendi ikaanza. Ndipo Dokta Mvumo alipobadilika rangi. Mtoto alikuwa bado ndani. Utepe ulikuwa umefungwa, na yeye alikuwa upande wa pili.

Minong'ono ikaanza. Kuufungua haiwezekani, umekwisha kufungwa na mgeni rasmi. Kuukata, mkasi wa dhahabu umebaki mjini, kwa kuwa leo ilikuwa sherehe ya kufunga. Mtu akapendekeza atoke kwa mlango wa jikoni, akaambiwa kwamba taifa haliwezi kutokea jikoni. Wakaamua asome tamko huko huko aliko. Kipaza sauti kikapitishwa chini ya utepe.

Mashavu akasimama kizingitini, utepe umempita kifuani. Nyuma yake sebule ilikuwa tupu, yenye viti vingi. "Mimi, Mashavu," akaanza, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote nne, "nimeshindwa ku..." Akanyamaza. Hakuwa amesahau. Alikuwa akimtafuta Sikudhani katika umati, kwa macho, na alipomwona akamtazama tu.

Sikudhani hakukumbuka baadaye aliinukaje. Alipita mbele ya viti vya waheshimiwa, akafika mlangoni, akaushika utepe kwa mkono wake mtupu usio na cheo, akauinua juu. Umati ukavuta pumzi. Mashavu akainama, akapita.

Sikudhani akachukua kipaza sauti. "Mtoto huyu hana kosa," akasema. "Tulimpeleka mbio mbio, kama mzigo wa soko. Hatukurudi kumtazama. Bi Mwatima yule pale tulimwacha peke yake na kazi ngumu, tukamwambia atabasamu. Mimi ndiye niliyempeleka, na nikakubali kutorudi. Tumekosa sisi." Akapiga magoti vumbini, uso kwa uso na mtoto, akasahau kwamba spika zinasikia. "Mashavu, mwanangu, uliniuliza nikakujibu upuuzi. Hukufanya kitu. Sikia. Hukufanya kitu. Unatosha. Ulitosha tangu mwanzo."

Kimya kikatanda. Sasa, Mheshimiwa Waziri alikuwa muda wote huo akijibu ujumbe kwenye simu yake. Kimya kilimshtua. Akadhani tamko limekwisha, akainua uso, akatabasamu, akapiga makofi.

Na katika nchi hiyo, mgeni rasmi akipiga makofi, nani abaki mikono mitupu? Mstari wa mbele ukapiga. Bendi ikapiga. Dokta Mvumo alipiga huku machozi ya hofu yakimtiririka. Bi Mwatima alipiga kuliko wote, amesimama, mumewe akimvuta gauni akae. Na kwa kuwa sheria inasema lililopigiwa makofi na mgeni rasmi limepita, likapita: ikawa rasmi kwamba mtoto hakukosa na kwamba Serikali ndiyo iliyokosa. Hakuna aliyesikia, lakini lilipita.

*

Sikudhani alifukuzwa kazi wiki ile ile. Si kwa maneno yake, maneno yalikwisha kupigiwa makofi. Alifukuzwa kwa kugusa utepe kwa mkono usiozinduliwa. Aliamriwa arudishe mali zote za Serikali, naye akarudisha mhuri, ufunguo wa ofisi na mwavuli. Mtoto hakudaiwa. Kwa Bwana Ngwali hayumo tena, kwenye vituo hayumo kwa kuwa vituo havipo, na mtu ambaye kazi yake ingekuwa kuja kumchukua kwa Sikudhani alikuwa Sikudhani.

Akaomba basi, kama raia wa kawaida, amuasili Mashavu. Wizarani walimpokea vizuri sana. Wakamwambia hakuna kizuizi chochote. Kinachotakiwa ni afisa ustawi wa kata yake aje nyumbani, atazame anavyoishi, azungumze na mtoto, aseme anafaa. Sikudhani akawaambia kata yake haina afisa. Wakamwambia wanalijua hilo, nafasi iko wazi, na haitajazwa, kwa sababu nchi haina tena mtoto asiye na nyumba. Lakini avute subira. Aende ofisini kwa afisa huyo akasubiri.

Kwa hiyo kila Jumatatu wawili hao huenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi iliyofungwa. Mlangoni bado kuna kibao chenye jina la afisa. Hakuna mwingine anayekuja. Wapitao huwasalimia, wengine huwauliza wanamsubiri nani, na Mashavu, ambaye siku hizi anapenda kujibu, huwasomea kibao: "Tunamsubiri Bi Sikudhani."

"Na asipokuja leo, mama?" alimuuliza Jumatatu iliyopita.

"Tutarudi."

"Na asipokuja kabisa?"

Sikudhani akatazama kufuli, akautazama mlango ambao miaka yote aliufungua yeye, akafikiri ni watu wangapi waliwahi kukaa hapa wakimngoja. "Sijui, mwanangu," akasema. "Tutakuwa tumekaa."

Mashavu akafungua kopo lake, akamega chapati, akampa nusu. Walipomaliza kula, jua likiwa limeshafika kwenye benchi, alisema viatu vinambana. Akavivua, vyote viwili, akavisukuma chini ya benchi bila kuvitazama, na akaweka miguu yake mapajani pa Sikudhani.